Jeki 6,000, jiwe la tani 1,250 na kabari za Turkana: rekodi za mashine rahisi

Mwaka 1860, kwenye mtaa wa Lake mjini Chicago, safu nzima ya majengo ya matofali na mawe yenye urefu wa karibu mita 100 ilipandishwa juu huku maduka yaliyomo yakiendelea kuuza. Hapakuwa na kreni wala injini. Chini ya misingi walikuwepo wanaume 600 na jeki za parafujo 6,000, kila mtu na jeki zake kumi. Ishara ikitolewa, mtu anaizungusha ya kwanza kidogo, anahamia ya pili, kisha ya tatu, mpaka ya kumi, halafu anarudi mwanzo. Uzito wa safu hiyo ulikadiriwa kuwa tani 35,000. Baada ya siku tano ilikuwa imepanda mita 1.4.

Sababu ilikuwa uchafu. Chicago ilijengwa kwenye ardhi tambarare yenye matope, karibu sawa na uso wa Ziwa Michigan, kwa hiyo majitaka hayakuwa na pa kuteremkia. Kipindupindu kiliua watu wengi mwaka 1854, na mhandisi Ellis Chesbrough akaja na ushauri ulioonekana wa kichaa: kama mabomba hayawezi kwenda chini ya mji, basi mji uwekwe juu ya mabomba. Mabomba yakalazwe barabarani, yafukiwe kwa kifusi, barabara ziwe juu zaidi, kisha nyumba zifuatishwe.

Hesabu yake si ngumu. Gawanya tani 35,000 kwa jeki 6,000, kila jeki inabaki na chini ya tani sita. Sasa tuchukue jeki ya mfano, ambayo nyuzi zake zimeachana sentimita moja na mpini wake una urefu wa nusu mita. Ukiuzungusha mara moja, mkono wako unasafiri zaidi ya mita tatu. Mzigo unapanda sentimita moja tu. Nguvu yako imezidishwa zaidi ya mara 300. Msuguano kwenye nyuzi utakula zaidi ya nusu ya faida hiyo, lakini usiulaani, maana ndio unaoizuia jeki isijifungue na kurudi chini ukiiachia ili ukapumzike. Haba na haba, kwa maana yake halisi kabisa.

Hapo ndipo ilipo siri ya mashine zote rahisi, yaani nyenzo, roda, gurudumu na ekseli, mteremko, kabari na parafujo. Hakuna hata moja inayogawa nguvu bure. Zinabadilishana nawe: unazipa umbali na muda, zinakupa nguvu. Ndiyo maana orodha hii ya vinara haikupangwa kwa ukubwa peke yake. Kwa kila rekodi nimeangalia pia bei iliyolipwa, na bei hiyo karibu kila mara huhesabika kwa mita.

Mwaka uliofuata, 1861, ikaja zamu ya hoteli ya Tremont House ya Chicago hiyohiyo: ghorofa sita za matofali, watu 500, jeki 5,000. Wageni hawakuhamishwa. Husimuliwa kwamba mmoja wao alishangaa kuona ngazi za kuingilia zinazidi kuwa kali kila siku anaporudi kutoka mjini. Kwa upande wangu, hakuna kazi ya parafujo iliyowahi kuipita hii, ingawa leo ipo mitambo ya mafuta na haidroliki inayoinua mara nyingi zaidi.

Parafujo hiyohiyo ina rekodi nyingine ya upande wa pili kabisa. Mwingereza Joseph Whitworth alitengeneza katikati ya karne ya 19 mashine ya kupimia iliyoweza kuonyesha tofauti ya sehemu moja ya milioni ya inchi. Alitumia parafujo yenye nyuzi 20 kwa kila inchi, akaifungia gurudumu la meno 200, na gurudumu hilo likazungushwa kwa duara lenye alama 250. Zidisha 20 kwa 200 kwa 250, unapata milioni moja kamili. Mkono uliosogea kwa kiasi kinachoonekana kwa jicho ulisogeza chuma kwa kiasi kinachoingia zaidi ya mara elfu mbili katika unene wa unywele mmoja. Wale wa Chicago walitoa umbali wakapata nguvu. Whitworth alitoa umbali akapata usahihi.

Jiwe zito kuliko yote lililovutwa kwa mikono

Malkia Catherine wa Pili wa Urusi alitaka sanamu ya Peter Mkuu, akiwa juu ya farasi, isimame juu ya mwamba wa kweli mjini Saint Petersburg. Mwamba ulipatikana mwaka 1768, umezama kwenye kinamasi karibu na Ghuba ya Finland. Watu wa huko waliuita Jiwe la Radi. Ulikadiriwa kuwa na tani 1,500. Baada ya kuchongwa zilibaki kama 1,250. Kutoka kinamasini hadi majini kulikuwa na kilomita sita hivi.

Kazi alipewa Marinos Carburis, Mgiriki wa kisiwa cha Kefalonia aliyekuwa katika utumishi wa Urusi. Alianza kwa nyenzo: magogo marefu yaliingizwa chini ya jiwe na kukandamizwa mpaka likainuka na kulalia jukwaa la mbao lililoimarishwa kwa chuma. Halafu akasubiri baridi. Ardhi ya kinamasi isingebeba mzigo ule wakati wa kiangazi, ila ikiganda inakuwa kama sakafu. Chini ya jukwaa aliweka mipira ya shaba iliyochanganywa na madini mengine, kila mmoja mkubwa kuliko chungwa, ikibingirika ndani ya mifereji iliyochimbwa kwenye magogo na kuwekewa chuma. Ilikuwa beringi, miaka mingi kabla fundi baiskeli yeyote hajalijua neno hilo.

Wanaume 400 walivuta kwa winchi za mkono, yaani nguzo zilizosimikwa wima na kupigiwa mikono ya mbao. Watu wanaizunguka nguzo wakisukuma, kamba inajikunja, jiwe linasogea. Njia ya magogo yenyewe ilikuwa fupi: jiwe likishapita, magogo ya nyuma yanang'olewa na kupelekwa mbele. Wapiga ngoma walisimama juu ya jiwe wakitoa ishara, na wachongaji waliendelea kugonga patasi humohumo safarini. Malkia mwenyewe alikwenda kuangalia Januari 1770.

Bei? Siku nzuri iliwapa mita 150. Mtoto anayetumwa dukani hutembea zaidi ya hapo. Safari ya nchi kavu ilichukua majira yote ya baridi, kisha jiwe likapakiwa kwenye jahazi maalumu na kufika mjini mwaka huohuo wa 1770. Sanamu, kazi ya Mfaransa Étienne Maurice Falconet, ilizinduliwa 1782 na mpaka leo imesimama juu yake. Hutajwa mara nyingi kuwa jiwe zito kuliko yote yaliyowahi kuhamishwa na binadamu kwa nguvu za mikono.

Mafarao wa Misri walilikaribia. Mnara wa jiwe unaolala kwenye machimbo ya Aswan ungekuwa na urefu wa karibu mita 42 na uzito wa zaidi ya tani 1,000, lakini ulipata ufa ukingali unachongwa na haukuwahi kutoka mahali pake. Aksum, Ethiopia, walichonga mnara wa mita 33 wenye tani 520. Ule ulitoka machimboni. Leo umelala vipande vipande palepale ulipoangukia. Kuchonga ni jambo moja, kusimamisha ni jingine.

Kamba, roda na bahari

Kusimamisha ndiko kulikompa jina Domenico Fontana. Mwaka 1586 Papa Sixtus wa Tano alimtaka ahamishe mnara wa Kimisri uliokuwa Roma tangu enzi za Kaizari Caligula, akausimamishe mbele ya Kanisa la Mtakatifu Petro. Zaidi ya tani 320, mita 25. Fontana alitumia winchi 40, watu karibu 900 na makumi ya farasi, wote wakivuta kamba zilizopitishwa kwenye roda nyingi. Husimuliwa kwamba ilikatazwa mtu yeyote kufungua mdomo, na kwamba kamba zilipoanza kulegea na kutoa moshi baharia mmoja akapiga kelele zimwagiwe maji. Sina hakika nalo, lakini baharia yeyote wa jahazi angejua hilo bila kufundishwa.

Na mabaharia wa pwani yetu wanaijua roda kuliko wahandisi wengi. Tazama jahazi likitweka tanga. Foromali, ule mti mrefu unaoshika tanga, ni mzito mno kuinuliwa juu ya mlingoti kwa kamba moja. Kwa hiyo henza, yaani kamba ya kutwekea, hupitishwa kwenye gofia (roda) zenye makapi (vigurudumu) kadhaa, na kadiri kamba zinavyogawana mzigo ndivyo kila mmoja wa wavutaji anavyobeba sehemu ndogo zaidi. Kamba zikiwa nne, nguvu inayohitajika ni robo, ukiacha msuguano, ila utavuta mita nne ili foromali ipande mita moja. Ndiyo maana sitaha ya jahazi linalotweka hujaa kamba.

Kinara wa dunia katika aina hii yuko Yantai, China. Kreni iitwayo Taisun, iliyosimama gatini kama fremu ya mlango mkubwa, iliinua tani 20,133 tarehe 18 Aprili 2008 na kuingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness. Mzigo wa majaribio ulikuwa tishari lililojazwa maji. Ndani ya mtambo huo wote mzunguko wa kamba za chuma juu ya makapi unafuata sheria ileile ya henza.

Plutarch aliandika kwamba Archimedes, akiwa ameketi kwa raha zake huko Sirakusa, alivuta merikebu iliyojaa watu na shehena kwa mkono mmoja kwa kutumia roda. Plutarch aliandika karne tatu hivi baadaye, kwa hiyo tumvumilie. Hata kama ni kweli, kwa roda zinazozidisha nguvu mara 100, ili merikebu isogee mita 10 mzee yule angevuta kamba ya kilomita nzima. Katika simulizi la Plutarch haonekani akitoka jasho.

Ikiwa nina haki ya kutoa zawadi yangu mwenyewe kwa safari ya ajabu zaidi ya vyombo vya majini nchi kavu, naipeleka kwa Mimi na Toutou. Hivyo ni vyombo viwili vya vita vya Uingereza, kila kimoja cha mita 12 hivi, vilivyosafirishwa mwaka 1915 kwa treni kutoka Afrika Kusini hadi Katanga, kisha vikavushwa milima ya Mitumba ili vikapigane na Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Vilivutwa na injini za mvuke, mafahali na vibarua wengi wa Kongo. Penye mwinuko mkali, kamba zilipitishwa kwenye roda zilizofungwa katika miti. Vilifika ziwani Oktoba 1915, na siku iliyofuata Krismasi vikaiteka meli ya Kijerumani Kingani. Sifa zilimwendea kamanda Geoffrey Spicer-Simson. Mimi ningewapa waliokata barabara na kushika kamba.

Kongwe zaidi

Hapa Afrika Mashariki haina mpinzani. Mahali panapoitwa Lomekwi 3, magharibi mwa Ziwa Turkana nchini Kenya, wataalamu wakiongozwa na Sonia Harmand walipata vifaa vya mawe vya miaka milioni 3.3, matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kabla ya hapo hakuna zana ya mawe ya umri huo iliyokuwa ikijulikana. Ukingo wa jiwe lililopasuliwa ni kabari: unausukuma kwa nguvu ndogo kuelekea mbele, wenyewe unageuza nguvu hiyo kuwa msukumo mkubwa wa kutenganisha nyama, mzizi au ubao kwenda pande mbili. Shoka za mkono zilizochongwa vizuri zaidi zilikuja baadaye, na ukitaka kuziona kwa wingi nenda Isimila, karibu na Iringa, au Olorgesailie, Kenya. Kisu chako cha jikoni ni mjukuu wao.

Gurudumu ni kijana mdogo ukililinganisha na kabari. La mbao lenye ekseli lililo kongwe zaidi kati ya yaliyopatikana ni la kinamasi cha Ljubljana, Slovenia, lililochimbuliwa mwaka 2002. Lina kipenyo cha sentimita 72 na umri wa kama miaka 5,200. Ekseli yake ya mwaloni ilizunguka pamoja nalo, kama ya treni.

Kutoka Ljubljana nenda moja kwa moja Goma. Pale magurudumu mawili ya mbao, usukani na ubao mmoja mrefu vinafanya chukudu, na chukudu hubeba mkaa, viazi, saruji na mbao kwa mamia ya kilo, dereva akiwa amepiga goti moja juu yake kwenye mteremko na kulisukuma penye mlima. Mji umelijengea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Sijui mji mwingine uliolipa gurudumu la mzigo heshima ya namna hiyo. Linganisha na Ain Dubai, gurudumu la kubembea lenye urefu wa mita 250, kubwa kuliko yote duniani, lililofunguliwa Oktoba 2021: halimpunguzii mtu yeyote hata gunia moja.

Nyenzo iliyogeuzwa

Kwa mtaimbo, mvunja mawe anatoa umbali na kupokea nguvu. Unaweza pia kufanya kinyume. Mwaka 1304 mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, akiizingira ngome ya Stirling huko Scotland, aliagiza teo kubwa kuliko yoyote iliyojulikana, ikapewa jina Warwolf. Upande mfupi wa boriti unafungwa uzito mkubwa. Upande mrefu unabeba jiwe. Uzito ukianguka kidogo, jiwe linafagia njia ndefu kwa kasi kubwa. Waliomo ngomeni walipoiona walitaka kusalimu amri. Edward alikataa, alishalipia chombo chake na alitaka kukiona kikifanya kazi kwanza.

Mkono wako nao ni nyenzo ya aina ya Warwolf. Msuli unashika karibu sana na kiwiko, kwa hiyo hutumia nguvu nyingi mno ili kiganja kiende mbali na haraka. Tuliumbwa kwa kurusha na kunyakua, na ndiyo sababu kubeba kunatuchosha hivyo.

Kazi kubwa kwa nguvu ndogo kuliko zote

Rekodi niipendayo zaidi haina mshindo. Falkirk, Scotland, kuna gurudumu lililofunguliwa mwaka 2002 linalohamisha mashua kati ya mifereji miwili iliyopishana kimo. Zamani kazi hiyo ilihitaji malango 11 ya maji. Gurudumu lina mabeseni mawili, kila moja likibeba lita 250,000. Mashua ikiingia, inasukuma nje maji yenye uzito sawa na wake, hivyo beseni lenye mashua na lisilo na mashua hubaki na uzito uleule. Pande mbili zikiwa sawa, mtambo una kazi ya kushinda msuguano tu. Nusu mzunguko huchukua kama dakika tano na hutumia umeme wa kuchemsha birika nane za maji.

Wajenzi wa Reli ya Uganda walikuwa na akili hiyohiyo miaka mia moja kabla. Walipofika ukingo wa Bonde la Ufa huko Kikuyu, njia ya kudumu ilikuwa bado, na vifaa vilihitajika chini bondeni. Wakatega njia ya muda kwenye mteremko, kamba juu, behewa huku na behewa kule: lenye mzigo likiteremka linalipandisha lililo tupu. Njia ya kudumu ilipokamilika mwaka 1901, kamba zikaondolewa.

Mteremko mkali na mteremko wa busara

Mteremko ndio mashine rahisi tunayoidharau kuliko zote, kwa sababu haina kinachozunguka. Lakini piramidi kuu ya Giza, jengo refu kuliko yote duniani kwa zaidi ya miaka 3,800, ilijengwa bila roda; mawe yalikokotwa juu ya miteremko kwa sleji. Kwenye kaburi la Djehutihotep, afisa wa Misri ya kale, kuna mchoro wa watu 172 wakikokota sanamu yake kubwa, na mmoja amesimama mbele ya sleji akimwaga maji. Mwaka 2014 wanafizikia wa Amsterdam walijaribu na kukuta kwamba mchanga uliolowanishwa kwa kiasi sahihi hupunguza nguvu inayohitajika kwa takriban nusu.

Barabara kali zaidi duniani ni Baldwin Street ya Dunedin, New Zealand, ambayo hupanda karibu mita moja kwa kila mita tatu. Ilinyang'anywa taji na mtaa wa Harlech, Wales, mwaka 2019, ikarudishiwa mwaka 2020 baada ya kubishania jinsi ya kupima. Watalii huenda kupiga picha na kuhema.

Ugomvi kama huo unafaa kwa watalii. Kwenye zahanati, shule na ofisi zetu, mteremko mkali ni dhuluma. Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi kwa njia ya kiti cha magurudumu ni moja kwa 12: kimo cha nusu mita kinahitaji urefu wa mita sita. Mtu na kiti chake wakiwa na kilo 100, hapo atasukuma kwa nguvu ya kuinua kilo nane hivi. Fanya moja kwa nne, kama wengi wanavyofanya ili kuokoa nafasi na saruji, zinakuwa 24 au zaidi, na atahitaji mtu wa kumsukuma. Fundi, kabla hujamwaga zege, chukua futi, pima kimo cha mlango, zidisha kwa 12. Nafasi ikiwa haitoshi, kunja njia mara mbili.